Tungule, Mbatata na Boga la Darajani

Mtu anayeteremka botini Malindi, Unguja, akitokea Dar es Salaam huamini kwamba hakuvuka mpaka wowote wa lugha. Safari ni ya saa mbili hivi, na Kiswahili ni kile kile. Tena tulifundishwa kwamba Kiunguja ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Basi mtu wa bara aliyefaulu somo hilo hutarajia kuwa mwenyeji tangu siku ya kwanza, na matarajio hayo hudumu mpaka atakapotumwa sokoni.

Soko lenyewe ni Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe. Jengo lake ni la mwaka 1904. Jina limetokana na daraja lililokuwa likivuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono huo ulikwisha kufukiwa na daraja halipo tena, lakini mgeni bado ana kitu cha kuvuka.

Tulikwenda huko watu watatu wa kamati ya msikiti, kuhudhuria walima wa kijana wetu aliyeoa Unguja. Asubuhi, mama mwenye nyumba alimkabidhi mtunza hazina wetu, mzee wa Tabora mwenye heshima zake, karatasi yenye mambo manne: tungule, mbatata, thomu, pilipili boga. Mzee aliona si adabu kumhoji mwenyeji, akaitia mfukoni.

Tulipofika kwenye meza ya mboga, alisalimu kwa utaratibu, kisha akaomba tungule.

“Hizo mbele yako, sheikh,” akajibu muuzaji.

“Hizi ni nyanya. Mimi nimetumwa tungule.”

“Na tungule ndizo hizo.”

Waliokuwa karibu wakacheka. Mzee akakunja uso, akaninong'oneza kwamba tunafanyiwa mzaha kwa sababu tumetoka bara. Upande wa pili wa meza nikasikia mtu akimwambia mwenziwe kwamba wabara Kiswahili kimewapita kando. Hapo kicheko kilikuwa kimeanza kugeuka kitu kingine.

Muuzaji ndiye aliyetuokoa. Aliinua moja, akaishika mbele ya macho ya mzee, akauliza kwa upole: “Kwani huko kwenu, mzee wangu, hii mwaiitaje?”

“Nyanya.”

“Basi sisi tungule. Kitu ni kimoja.”

Mzee akatabasamu, na mambo yakaenda vizuri. Mbatata zikatambulika kuwa viazi vile tunavyoviita viazi mviringo. Thomu ikawa kitunguu saumu. Mimi nikawaacha, nikaenda kwenye mnada wa samaki. Niliporudi nilimkuta mzee amesimama kwa fahari, mkononi ana mfuko wa pilipili kali, na miguuni pake lipo boga kubwa mno, ambalo mchukuzi alikuwa akilitazama kwa wasiwasi. Kwake yeye maneno ya mwisho ya orodha yalikuwa vitu viwili. Kumbe pilipili boga ni kitu kimoja, ile isiyowasha, ambayo sisi bara huiita pilipili hoho. Na ukifungua kamusi za zamani utakuta pilipili hoho ni ile inayowasha! Nani basi amekosea?

Nyumbani, mama alilitazama boga, akalitazama karatasi, kisha akajifunika uso kwa mtandio kwa kucheka. Kijana akarudishwa sokoni kufuata pilipili boga. Boga nalo likapikwa kwa nazi, na wageni wakalila pamoja na wali wa walima.

Wanazuoni wa fiqhi wameweka miongoni mwa masharti ya kuuza na kununua kwamba kinachouzwa kijulikane kwa pande zote mbili. Tulipokuwa chuoni tuliliona sharti hili kuwa ni la kuzuia hadaa tu. Pale Darajani nililiona likizuia jambo jingine, nalo ni dhana mbaya baina ya watu wasiokuwa na ugomvi. Mnunuzi alidhani anadharauliwa, wasikilizaji wakadhani mgeni ni mjinga, na kati yao hapakuwa na kosa lolote ila nyanya moja yenye majina mawili. Kama muuzaji angejibu kwa kejeli, mzee angerudi bara na hadithi ya kuwasema vibaya watu wa Unguja, na wajukuu zake wangeirithi.

Kwa hiyo, wazazi, mnapomtuma kijana kwa jamaa wa mbali, mfundisheni kuuliza maana ya neno kabla hajaondoka, maana kumwuliza mwenyeji si utovu wa adabu. Na sisi wenye maduka, mgeni anapotaja jina tusilolijua, tusimcheke. Tukiinue kitu tumwonyeshe, tumwulize kwao wanakiitaje.