Kwacha Zinazomsubiri Mhitimu

Hamburg, Julai

Ndugu zangu wa Tunduma,

Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita, matokeo yametoka, na kaniletea swali kwa ujumbe wa sauti: "Mjomba, nikienda chuo miaka mitatu, nafasi yangu pale mpakani atanishikia nani?" Tangu amalize mtihani amekuwa akibadilisha kwacha.

Simlaumu. Anayekulia Tunduma huona fedha kila atokapo nje: vijana wenye vibunda mkononi, malori yaliyojipanga kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, wakala wa forodha anayelipia nyama choma ya meza nzima. Mwenye shahada anayemfahamu ni kaka wa jirani, aliyerudi na cheti na sasa anaendesha bodaboda. Hao ndio kipimo chake cha elimu. Hotuba ya mahafali ilishasahaulika.

Nasi wa ughaibuni tuna letu. Tunaagiza, "Soma udaktari, nitatuma," tunatuma ada ya muhula mmoja, kisha simu haipokelewi.

Huku Ujerumani kijana anayejifunza kazi kwa utaratibu wa Ausbildung hushinda siku nyingi za wiki kazini, zilizobaki darasani, na hulipwa tangu mwezi wa kwanza. Wa ghorofa ya chini yangu anajifunza kusafirisha mizigo: nyaraka, bima, forodha. Ni kazi ileile ya mawakala wetu wa Tunduma! Hakuna anayemsimanga kwamba kakosa chuo kikuu, wala halazimiki kuchagua kati ya kula na kusoma.

Kwetu uchaguzi huo upo. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa 2022, jambo jema, lakini baada ya hapo, kwa asiye na ada, kuna Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inakopesha hata wanaosoma stashahada za fani za kipaumbele, usafirishaji ukiwemo. Mpwa wangu hakuwa amesikia. Mtoto wa mpakani, jamani!

Wengine wanasikia, ila wanakwamia kwenye makaratasi ya kuombea mkopo. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi vilevile. Mama anakumbuka cheti dirisha la maombi likikaribia kufungwa, kijana anakata tamaa, anarudi kwenye kwacha.

Kwa hiyo wazazi wa Tunduma, Vwawa na Ileje, mwenye mtoto kidato cha sita asisubiri matokeo ndipo aanze kutafuta vyeti. Vitafuteni wiki hii.