Likizo ya kwanza ya mtoto Lundo: ziwa, bibi na ndoo mbili za maji

Jua lilikuwa linazama upande wa Malawi wakati bibi alipomvua mjukuu wake nguo, akamzungushia kanga na kuanza kushuka naye majini. Ilikuwa jioni ya kwanza ya familia hiyo Lundo, kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Mtoto, msichana wa miezi mitano, alikuwa amepewa jina la bibi huyo, na tangu aliposhushwa kwenye gari alikuwa akiitwa "wajina" na kila mtu pale nyumbani.

"Mama, naomba usimwogeshe ziwani," mama wa mtoto alisema kutoka mlangoni.

Bibi aligeuka. "Kwa nini? Baba yake nilimwogeshea hapa hapa."

Mkwe kumkatalia mama mkwe siku ya kwanza, mbele ya majirani waliokuja kumwona mtoto, si jambo dogo. Mama yule alishuka taratibu, akampokea mtoto kwa mikono miwili na kusema kuwa safari imemchosha, ataoga kesho. Bibi hakujibu. Alichukua sufuria lililokuwa limeachwa mchangani na kwenda kulisugua.

Mama huyo ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Songea, mzaliwa wa Iringa. Ziwa Nyasa alikuwa hajawahi kuliona. Mumewe, fundi umeme, amezaliwa na kukulia Lundo. Likizo ya Juni ndiyo ilikuwa nafasi yao ya kwanza kutoka na mtoto, na kwa familia nyingi za Ruvuma likizo haina maana ya hoteli. Ni kumpeleka mtoto akaonwe na bibi yake.

Kwa maandalizi walikuwa wamejitahidi. Kadi ya kliniki ilionyesha chanjo za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne zimekamilika. Walibeba chandarua chao chenye dawa, kwa sababu chandarua cha nyumba ya wageni, au hata cha nyumbani kwa ndugu, unaweza kukikuta kimetoboka. Walikuwa wameulizia pia mahali pa kukimbilia mtoto akipata homa, wakaambiwa ipo hospitali ya Kanisa Anglikana ya Mtakatifu Anne, Liuli, kwenye mwambao huo huo. Swali hilo wazazi wengi hulikumbuka usiku wa manane, mtoto akiwa tayari anachemka.

Kilichowasumbua njiani ni nguo. Kutoka Songea hadi Mbinga ni kilomita 100 hivi, na Mbinga mwezi Juni ni baridi kweli. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, katikati ya vilima vya Wamatengo vyenye kahawa na mashamba ya ngoro, yale mashimo ya mraba yanayozuia udongo kuporomoka. Mtoto alikuwa na soksi, kofia ya sufu na blanketi. Kisha barabara ya lami ya kilomita 67 hivi inateremka kwa kona nyingi hadi Mbamba Bay, na ziwa lenyewe liko mita 475 tu. Ndani ya saa chache msimu unabadilika. Alipofika chini, mtoto alikuwa amelowa jasho mgongoni na analia. Mama alimvua kipande kimoja kimoja hadi akabaki na fulana. Kwenye mteremko alikuwa amemnyonyesha, kwa kuwa kumeza husaidia masikio kuzibuka mtu anaposhuka kutoka juu. Hilo lilifaa.

Mbamba Bay waligombana kidogo. Bodaboda zilikuwepo, na baba alitaka wapande moja wawahi kufika. Mama alikataa kumpandisha mtoto pikipiki akiwa mgongoni, bila kitu cha kumkinga kichwa. Walingoja gari zaidi ya saa mbili chini ya mwembe. Baba alitumia muda huo kumsimulia habari za Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa lililolala kama simba. Hapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na tukio hilo huhesabiwa miongoni mwa mapigano ya mwanzo kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Mama alisikiliza nusu nusu, macho yakiwa barabarani.

Lundo yenyewe ilimlipa. Maji ni meupe kiasi cha kuona mawe chini, na samaki wadogo wa rangi ya bluu na njano wanazunguka kwenye mawe hayo. Ni jamii ya samaki ambao ziwa hili linasifika nao duniani, wanaofugwa kwa mapambo hadi Ulaya. Dagaa wameanikwa, miti imeinama kuelekea majini, na kisiwa kinachobeba jina la Lundo kinaonekana. Watoto wanaogelea tangu asubuhi. Mtu akifika mahali kama hapo kwa mara ya kwanza hafikirii ugonjwa.

Lakini mwalimu huyu alikuwa na sababu ya kufikiria. Shuleni kwake amewahi kushiriki siku za kugawa dawa za kichocho na minyoo, wanafunzi wakipimwa urefu kwa fimbo yenye alama ili kujua kila mmoja apewe vidonge vingapi. Anajua wanafunzi wanalazimika kula kwanza, na anajua wanavyokunja uso kwa uchungu wa vidonge vile. Anajua pia kwamba vinalenga watoto wa shule. Mtoto wa miezi mitano hapimwi kwa ile fimbo.

Kichocho hakiingii kwa kunywa maji tu, kama wengi wanavyodhani. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai huanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono wadogo wa majini, vinazaliana humo, kisha vinatoka vikitafuta ngozi ya binadamu. Dakika chache zinatosha. Vya aina inayoshambulia kibofu, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi katika Ziwa Nyasa, hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri. Jioni vinapungua, lakini havijaisha. Mtoto mchanga hahitaji kuogelea ili apate. Kuogeshwa ufukweni, au kwenye beseni la maji yaliyochotwa ziwani muda huo huo, kunatosha.

Zamani wageni waliambiwa kwamba fukwe za mchanga zilizo wazi hazina shida, kwamba konokono wako kwenye majani na madimbwi. Upande wa pili wa ziwa, Cape Maclear nchini Malawi, watafiti walikuta maambukizi hata kwenye mchanga ulio wazi, na wakahusisha ongezeko lake na kupungua kwa samaki wanaokula konokono kutokana na uvuvi uliopita kiasi. Uzuri wa ufukwe, kwa hiyo, hauwezi kumwambia mzazi chochote.

Usiku ule, mtoto akiwa amelala ndani ya chandarua, mama alimweleza mumewe haya. Alitarajia ubishi. Badala yake mume alikaa kimya, kisha akasema kwamba yeye alikojoa damu akiwa na miaka tisa au kumi. Wavulana wenzake pia. Walikuwa wakionyeshana. Waliamini ni dalili ya kukua, kwamba mvulana naye ana zamu yake kama wasichana. Hakumwambia mama yake. Alipata dawa miaka mingi baadaye, akiwa sekondari, na hata hapo hakueleza nyumbani.

Imani hiyo ipo katika maeneo mengi yenye kichocho barani Afrika, na imewachelewesha watoto wengi kufika hospitali. Damu kwenye mkojo si ukubwa. Ni mayai yanayochana kuta za kibofu, na yakiachwa miaka mingi yanaweza kuharibu figo na hata kuchangia saratani ya kibofu. Kwa wasichana mayai hukaa pia kwenye mlango wa kizazi na uke. Huleta maumivu, kutokwa na damu na wakati mwingine ugumba, na mara nyingi mwanamke hutibiwa magonjwa ya zinaa asiyokuwa nayo. Mtoto aliyelala chandaruani alikuwa wa kike.

Asubuhi baba ndiye aliyekwenda kuzungumza na mama yake. Waliketi nyuma ya nyumba, bibi akimenya muhogo. Mkwe alibaki ndani, na hilo lilikuwa jambo la busara: kuna maneno ambayo mama huyapokea kwa mwanawe tu. Hakusikia yote. Alimsikia bibi akiuliza kwa sauti ya juu, "Damu? Na hukuniambia?" Kisha kimya kirefu, na kisu kikaendelea kugonga ungo.

Bibi alipoingia ndani hakutaja kichocho. Alilalamikia kuni. "Ziwa liko hapa mbele, nami nichemshe maji ya kuoga kila siku? Kuni zenyewe tunazifuata mbali." Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, na wanaotoa ushauri wa afya huipuuza mno. Kuchemsha maji hadi yatokote kisha kuyaacha yapoe ndiyo njia ya haraka zaidi, ila kwa nyumba ya watu wanane inakula mzigo wa kuni.

Ipo njia nyingine isiyohitaji moto. Vijidudu vya kichocho vikitoka kwenye konokono vikakosa ngozi ya kuingia, hufa. Haviwezi kuishi zaidi ya saa 48. Maji yaliyochotwa, yakachujwa kwa kitambaa ili konokono asibaki ndani, kisha yakafunikwa siku mbili kamili, yanafaa kuogea. Hayafai kunywa kwa sababu hiyo peke yake, maana kuhara na kipindupindu havijui habari ya siku mbili. Ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa. Na anayekwenda kuyachota anakanyaga majini, kwa hiyo yeye hajakingwa. Lakini kwa mtoto wa beseni, ndoo mbili zenye mifuniko zinatosha kupokezana.

Siku mbili za kwanza walichemsha. Bibi alizitafuta ndoo mwenyewe, akazipanga ukutani kivulini. Hesabu ya siku aliiweka kwa mawe juu ya mfuniko: jiwe moja leo, la pili kesho, na ndoo yenye mawe mawili hakuna ruhusa kuigusa isipokuwa kwa ajili ya wajina. Mjukuu mwingine, mvulana wa miaka mitano, alichota kikombe humo kunawa miguu akapewa maneno ambayo hatayasahau.

Mengine ya likizo yalikuwa ya kawaida. Bibi alitaka kuonjesha uji, akaambiwa bado mwezi mmoja, maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Hilo alilikubali kwa urahisi wa kushangaza. Alisema hata kliniki ya zamani walisema hivyo hivyo. Alimjazia mkwe ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, kwamba anayenyonyesha kwenye joto asile kama ndege. Shemeji mmoja mvuvi alijitolea kuwapeleka kisiwani kwa mtumbwi. Mwezi Juni upepo wa kusini-mashariki, mwera, unaweza kuliamsha ziwa hili ghafla, na boya la kumtosha mtoto wa miezi mitano halikuwepo. Baba alikwenda peke yake. Alirudi amelowa hadi kifuani, akakubali kwamba ilikuwa sawa kumwacha mtoto.

Siku moja kabla ya kuondoka, mama aliulizwa na bibi swali ambalo hakulitegemea: kama mtu mzima naye anaweza kupimwa, na kama ni lazima aseme kwa nini. Alimjibu kwamba ni mkojo tu unapimwa, na kwa mwanamke mwenye maumivu au damu isiyoeleweka inafaa kumwambia daktari kwamba ameishi ziwani, ili asidhani kitu kingine. Bibi aliitikia kwa kichwa, akabadili mazungumzo.

Kwa watoto wadogo matibabu yenyewe yamekuwa na pengo kwa muda mrefu. Vidonge vya kawaida ni vikubwa na vichungu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ugawaji wa dawa uanzie kwa watoto wa miaka miwili, na Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni chanya kuhusu kidonge kinachoyeyuka kwenye maji, kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kuoga ziwani hana haja ya kukimbilia kipimo siku ya pili, kwani mayai huchukua wiki kadhaa kuonekana. Aende kituo cha afya baada ya miezi miwili au mitatu na aseme wazi alikuwa wapi. Ila homa isisubiri hesabu hiyo. Mwambao huu una malaria, na mtoto mwenye homa anapimwa siku hiyo hiyo.

Familia ilirudi Songea kwa njia ile ile, blanketi likiwa tayari kwa baridi ya Mbinga. Wiki mbili baadaye bibi alipiga simu. Alikuwa amekwenda Liuli. Majibu hakuyataja kwenye simu na hakuna aliyemuuliza. Alisema ndoo sasa ni tatu, kwamba jirani mwenye kichanga ameomba moja, na akataka kujua Desemba shule zinafunga tarehe ngapi, ili ajue siku ya kuanza kuweka mawe.