Makala juu ya makala

Katika mwaka wa kwanza mwalimu alituagiza kila mmoja aandike makala, na nusu ya darasa ikacheka. Kwetu Lubumbashi makala ni yale yanayowaka ndani ya mbabula. Mwalimu alitueleza kwamba neno la kitabuni lina asili ya Kiarabu, na la kwetu ni la Kibantu: wenzetu wa pwani walidondosha sauti l wakasema makaa, sisi tukaihifadhi, kama Waluba na wasemaji wa Lingala. Nilicheka pamoja na wengine. Sikusema kwamba mama yangu anauza makala, wala kwamba minerval yangu ilitoka katika magunia hayo.

Mwaka uliofuata tulifanya mjadala juu ya misitu. Nilipewa upande wa kutetea kodi kubwa juu ya makala. Nilisema kwamba miti ya miombo inakwisha kuzunguka mji, na kwamba makala yakipanda bei watu watapikia umeme. Nilipigiwa makofi. Jioni nilimweleza mama hoja zangu. Alisikiliza hadi mwisho, huku akipanga mafungu yake ya makala, kisha akauliza: «Umeme gani, mwanangu?» Tulikuwa siku ya tatu bila umeme.

Ulikuwa mwezi wa saba. Asiyejua mji wetu hudhani Kongo yote ni joto, lakini Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na katika mwezi wa sita na wa saba kuna usiku ambao baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Bukari ikiisha kuiva, mbabula huingizwa nyumbani ili watoto wapate joto. Mama zetu huacha dirisha wazi, maana wanajua hewa ya makala huua.

Asubuhi yake alifika papa mmoja ambaye hutuletea magunia kwa baiskeli kupitia barabara ya Kasenga. Alikuwa amepandisha bei. Mama alianza kubishana naye, naye akatoa mfukoni karatasi mbili alizopewa kwenye vizuizi. Mama akaniita: «Wewe uliyesoma, tusomee.» Zote mbili ziliandikwa Kifaransa. Ya kwanza ilitaja mazao ya msitu. Ya pili, muhuri ulikuwa umefunika jina la kodi. Kilichoonekana ni kiasi cha pesa tu. Kwenye kizuizi cha tatu alilipa bila kupewa karatasi. Papa aliniuliza kama ile ya kwanza inasema pesa zitafanya nini msituni. Niliigeuza. Upande wa pili ulikuwa mweupe.

Baada ya hapo nilitafuta kujua bei ya petroli inavyopangwa. Waziri wa Uchumi wa Taifa huipanga kwa kila kanda ya nchi, na muundo wake huandikwa mstari kwa mstari: ushuru, TVA, mchango wa FONER kwa kutunza barabara. Bei ikizuiwa isipande, serikali huwafidia wafanyabiashara wa mafuta hasara yao. Tunaweza kuikosoa hesabu hiyo kwa sababu imeandikwa. Makala, yanayopikia familia nyingi zaidi, sikuyaona na hesabu ya namna hiyo. Kodi yake huongezeka njiani, kizuizi kwa kizuizi, na mwishoni hulipwa na mama anayenunua fungu moja la kupikia jioni.

Na umeme? Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2006 kinatuhakikishia haki ya kuupata. Sheria ya 2014 ilifungua mlango kwa wazalishaji binafsi. Lakini mabwawa yetu ya Mwadingusha, Nzilo na Nseke yalijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya shaba, na laini ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ililetwa kwa ajili ya migodi. Nyaya zake hupita juu ya vijiji vinavyopikia kuni.

Sijaacha kuhangaikia miombo. Papa yule mwenyewe anasema zamani alichoma makala karibu na barabara, na sasa huingia ndani sana. Ila leo nisingetetea kodi ile kwa namna ile. Nilisema watu watahamia umeme, wakati nyumbani kwetu hapakuwa na pa kuhamia. Kodi iliyokusanywa kwa jina la msitu ingeonekana katika miche na katika nyaya zinazofika mitaani, la sivyo imempunguzia tu mtoto joto la usiku.

Kuna jambo dogo ambalo sisi wa kitivo cha lugha tunaweza kulidai, hata kulifanya. Kifungu cha 1 cha Katiba kinataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Basi orodha ya kodi za makala ibandikwe kwenye kila kizuizi kwa Kiswahili: jina la kodi, kiasi, na kazi yake. Nimejitolea kutafsiri. Karatasi ya kwanza nimeimaliza. Ya pili bado ninayo, na sijaweza kusoma kilichoko chini ya muhuri.