Eti Mlimani ni jina la nani?

Basi wadau, mwisho wa wiki nilikuwa nyumbani Bungu. Nimefika kijiweni kando ya barabara ya Kilwa, sijamaliza hata kusalimia, mtu akauliza: "Mwandishi, hivi kwa nini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mnakiita Mlimani?" Ukazuka ubishi hadi chai ikapoa.

Kijana wa bodaboda akasema jina limetoka kwa Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra. Mwingine akasema Mlimani City. Wote nikawakatalia kwa tarehe. Sikinde ilianza 1978, na Mlimani City ilifunguliwa 2006. Chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964. Kwa hiyo ni kilima tu, basi!

"Siyo kilima tu," akadakia mwalimu mstaafu. Kwake jina ni kijembe. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Tangu hapo, anadai, Mlimani ni kwa wale wanaojiona wako juu ya wakulima waliowasomesha. Ushahidi hakutoa, lakini kijiwe kizima kilimuunga mkono.

Mzee mmoja aliyezaliwa bondeni, upande wa Ikwiriri, alikuwa kimya muda wote. Nikamgeukia. "Babu, na wewe unasemaje?"

"Mjukuu wangu, sisi baada ya mafuriko ya 1968 serikali ilitutoa bondeni ikatupandisha juu. Nyumba zikawa mlimani, mpunga ukabaki bondeni. Aliyeona uvivu kushuka alilala njaa."

Sikuwa na la kujibu. Ada yangu ililipwa kwa korosho za mama na shangazi. Tangu nihitimu, miaka mitatu, sikuwa nimekanyaga Bungu. Shangazi alipougua nilisema kazi zimenibana. Alipofariki nilituma rambirambi kwa simu. Jumamosi ndiyo kwanza nimeliona kaburi lake, na majani yameshaota.

Kwenye tarehe bado nasimama pale pale, wadau: jina ni la kilima. Lakini ubishi wenyewe nilishindwa, na aliyenishinda hajawahi kukanyaga chuo.

Msimu huu wa korosho nashuka. Nimeshamwambia mama.