Kakamega na Majina Tunayowapa Watu

Mwenye kutoka Mombasa kwenda Kakamega huikata nchi kwa upana wake. Basi huondoka jioni, huipita Nairobi kabla ya alfajiri, huteremka Bonde la Ufa, hupanda tena kwenye mashamba ya chai ya Kericho, kisha hushuka Kisumu penye ziwa. Kutoka hapo barabara huelekea kaskazini kupitia vilima vya Vihiga, ambako nyumba na mashamba vimesogeleana hata mgeni asijue kijiji kimoja kimekomea wapi na kingine kimeanzia wapi. Karibu na mji, mahali paitwapo Ilesi, limesimama jiwe kubwa lililobeba jingine kichwani, na maji hulitiririka kama machozi. Wenyeji huliita jiwe linalolia. Mashariki ya mji umebaki msitu wa Kakamega, ambao wataalamu wanasema ni kipande cha mwisho nchini Kenya cha msitu wa mvua uliokuwa umeungana na ile ya Kongo.

Kabla ya kuifikia nchi hii tulikuwa tumekwisha kubebeshwa habari za watu wake. Tuliambiwa kwamba Mluhya akipata ugali na kuku hadai zaidi. Kwamba kazi yake ni kulinda mlango na kupika jikoni. Kwamba kura za kwao hazina mwenyewe, kila mwanasiasa huzichota. Nasi tulipofika tulikuta mzigo wetu umetangulia. Wenyeji walituuliza, kwa ucheshi na ukarimu mwingi, kama ni kweli watu wa pwani hulala chini ya mnazi wakingoja nazi ianguke, na kama kila nyumba kwetu ina jini lake. Tulicheka pamoja nao. Lakini maneno ya namna hii yana historia, na Kakamega ni mahali pazuri pa kuisoma.

Tuanze na jina lenyewe. Waluhya, tunavyowataja leo kama kwamba waliitwa hivyo tangu dahari, hawakuwa na jina hilo la pamoja miaka mia iliyopita. Palikuwa na Wawanga, Waisukha, Waidakho, Wabukusu, Wamaragoli na wengineo, kila watu na mambo yao. Serikali ya kikoloni iliwaweka pamoja na majirani zao Wajaluo chini ya jina la Kavirondo, na neno hilo likaja kubeba dharau. Kisha mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa Kakamega, wachimbaji wa Kizungu wakamiminika, na mwaka 1932 sheria ya ardhi ikabadilishwa ili mashamba ya watu yaweze kutwaliwa kwa ajili ya migodi bila ya wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Watu waliokuwa mbalimbali wakaona kwamba msiba wao ni mmoja. Katika miaka ya 1930 na 1940 wasomi na wazee wao wakalikataa jina la kubandikwa, wakajiita Abaluhya, ambalo wengi hulifasiri kuwa ni watu wa moto mmoja, yaani wanaokusanyika kuota pamoja.

Na hilo la ulinzi na upishi je? Ardhi ilikuwa finyu, na kodi ya kibanda ilitakiwa ilipwe kwa fedha taslimu. Wanaume wakatoka kwenda kutafuta kazi kwenye reli, kwenye mashamba ya chai, bandarini Mombasa na katika nyumba za wakubwa. Walifanya kazi waliyoachiwa. Kilichokuwa dhiki ya zama fulani kikageuzwa kuwa tabia ya kabila, na mtoto aliyezaliwa miaka hamsini baadaye akaikuta imemngoja.

Siasa ilipobadilika, kejeli nayo ilibadilika, haikufa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2002 hadi mwanzo wa 2008, makamu watatu wa rais waliofuatana, Musalia Mudavadi, Michael Kijana Wamalwa na Moody Awori, wote walitoka katika jamii hii. Basi waliosema kwamba watu hawa ni wa kulinda mlango wakaanza kusema kwamba hawa ni watu wa kuridhika na kiti cha pili. Na katika uchaguzi wa Desemba 2002, watu wa Sabatia walimnyima Mudavadi kiti chake cha ubunge ingawa alikuwa makamu wa rais na ni mtoto wao. Wengine wakasema, "Unaona, hawaungani!" Jamii nyingine ikipiga kura kwa pamoja huambiwa ni ya kikabila, hawa wakipiga kila mtu kwa rai yake, huambiwa wametawanyika. Anayetafuta aibu ya mwenziwe hakosi.

Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kuitazama Kakamega kwa jicho la udugu. Mwaka 1960 kilipoundwa chama cha KADU, rais wake alikuwa Ronald Ngala wa kwetu, na makamu wake Masinde Muliro wa magharibi. Leo chuo kikuu cha umma kilichoko Kakamega kinaitwa kwa jina la Muliro. Neno lao lilikuwa majimbo, na siku hizo lilimaanisha kinga ya jamii ndogo zisimezwe na kubwa. Miaka thelathini baadaye, katika machafuko ya mwanzo wa miaka ya 1990, neno hilohilo lilitumiwa kuwafukuza majirani, na waliofukuzwa wakaitwa madoadoa. Likawa neno la kutisha. Kisha ikaja Katiba ya 2010, maana ile ya awali ikarudi kwa sura nyingine ikiitwa ugatuzi, na tangu 2013 Kakamega na Mombasa kila moja ina gavana wake.

Hapa twapaswa kujitazama wenyewe. Neno "bara" ni la jiografia, na babu zetu wa misafara walilitumia hivyo. Lakini Agosti 1997, Likoni, kuitwa mtu wa bara kulitosha kumgharimu mtu nyumba yake, na wengine uhai wao. Na miongoni mwa waliodhurika walikuwamo Waluhya. Neno halikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni mkono ulioshika neno hilo.

Siku ya Ijumaa tuliswali Mumias, magharibi ya mji wa Kakamega. Huu ni mji wa Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga aliyefariki mwaka 1949. Misafara ya pwani ilifanya kituo hapo ikielekea Uganda, na Uislamu ukaota mizizi. Waumini tuliosimama nao safu moja ni Waluhya kwa baba na mama, wengi wao Waislamu kwa vizazi kadhaa, na Kiswahili chao kilituelea bila taabu. Ni wapi tutawaweka hawa katika masanduku yetu ya "wao" na "sisi"?

Suali hili si la nadharia. Tumeketi katika vikao vya posa ambamo kijana mwenye dini na tabia njema alirudishwa, na sababu iliyotolewa faraghani ni moja tu: ni wa bara. Na katika nyumba zetu nyingi kuna binti aliyetoka Kakamega au Vihiga kutusaidia kazi. Yeye ndiye aamkaye kabla yetu na kulala baada yetu. Hutajwa mbele yake kwa kabila lake, "huyu Mluhya wetu", na watoto wanasikia. Mtoto hajui habari ya kodi ya kibanda wala ya migodi ya dhahabu. Yeye hujifunza tu kwamba kuna watu walioumbwa kutumwa.

Katika Surat al-Hujurat, Mola wetu ametukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli, na aya chache mbele akatufahamisha kwamba alitufanya mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana kunataka kuuliza. Basi mama wa nyumba na amuite binti yule kwa jina lake, amuulize habari za kwao na wazazi wake, na watoto wakiwapo. Baba na aangalie yale ayasemayo mezani taarifa ya habari inapotaja matokeo ya kura, maana uchaguzi wa 2027 unakaribia na midomo imeanza kuchangamka. Na walii ajiwaye na posa kutoka Mumias na aulize dini, tabia na riziki ya kijana, kama angalivyomuuliza kijana wa Lamu.

Wabillahi tawfiq.