Imani Yangu Haingoji Muujiza

Leo kalamu yangu inajaribu kujibu swali ambalo huzuka kila mara bwenini baada ya taa kuzimwa: Mkristo huamini kwa sababu gani? Wengi husema, "Mimi nimejionea miujiza." Kisha humgeukia mwenzao, "Sasa wewe ambaye hujaona kitu, imani yako ni ya nini?" Mimi ni mmoja wa hao ambao hawajaona kitu. Hata hivyo naamini, na sababu ninayo.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Wana wa Israeli walivuka bahari kwa miguu, maji yakiwa ukuta huku na huku. Jamani, kuna muujiza gani unaoupita huo? Lakini fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 32. Watu hao hao, hata Musa hajashuka mlimani, wanamsujudia ndama wa dhahabu! Tena katika Yohana, sura ya 6, wanaume wapatao 5,000 walishibishwa kwa mikate 5 na samaki 2. Kesho yake walimfuata Yesu ng'ambo ya ziwa, wakamwuliza atafanya ishara gani ili wamwamini. Eti ishara gani, na ya jana je? Muujiza ni kama chakula cha mchana: hata ukishiba leo, kesho utaisikiliza kengele tena.

Kuna atakayeniuliza, "Lakini Biblia yenyewe si imejaa miujiza?" Naam, wala sisemi kwamba Mungu hatendi miujiza. Ila Yohana, mwishoni mwa sura ya 20, anaeleza kwamba ishara hizo ziliandikwa ili sisi tusomao tuamini. Hatukuwepo, tumeachiwa Maandiko.

Kwangu jambo hili si la vitabuni tu. Dada yangu mdogo ana selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Chembe zake nyekundu hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa na kuleta maumivu makali. Likizo moja mhubiri fulani alikuja sokoni kwetu na vipaza sauti vyake, akamwombea, kisha akatangaza kwamba mtoto amepona na hahitaji dawa tena. Vigelegele vikapigwa, dawa zikaachwa. Mwezi haukuisha kabla hajalazwa hospitalini akilia mifupa. Majirani nao wakaanza kunong'ona ati mtoto hana imani. Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano.

Kilichomwinua si ishara nyingine. Mama alikaa kando ya kitanda akamsomea Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 12, pale Paulo anaposimulia habari za mwiba wake. Aliomba mara 3 uondolewe, na haukuondolewa. Aliahidiwa neema badala yake.

"Kumbe hata Paulo?" dada aliuliza.

"Hata Paulo, mwanangu," Mama akajibu.

Basi! Nani atasema Paulo hakuwa na imani? Tangu siku hiyo dada humeza dawa zake, huenda kliniki, na husali bila kujilaumu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hapa kwetu Kenya, Neno hili halikuletwa na watu walioepushwa na machozi. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844. Mwaka huo huo alifiwa na mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga. Muujiza haukuja, lakini hakuitupa kalamu. Aliendelea kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, lugha hii tunayojivunia chamani.

Wenzangu, mkisikia kuna mkutano wa miujiza, sisemi msiende. Nendeni, lakini mwige watu wa Beroya katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Walimsikiliza Paulo kwa hamu, na bado kila siku waliyachunguza Maandiko waone kama asemayo ni kweli. Ikiwa mtume alipimwa hivyo, sembuse mhubiri wa sokoni? Naye mgonjwa asiyepona, tusimwongezee mzigo kwa kumwambia hana imani. Tumsomee Neno, tumshike mkono, na tumkumbushe dawa yake. Hapo naiweka kalamu chini.