Taa wa Maji Matamu

Mwanafunzi wa Kiswahili atafutaye neno taa katika kamusi hukumbana na vidahizo vitatu. Cha kwanza ni chombo kitoacho nuru. Cha pili ni utii, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo aghalabu husikika katika usemi wa kuwa chini ya taa ya mtu. Cha tatu ni yule samaki bapa, mpana kama sinia, mwenye mkia mrefu, ambaye wavuvi wa pwani humjua kwa mwiba wake kabla ya kumjua kwa nyama yake. Mwalimu mmoja wa shule ya upili, mkazi wa Timbwani huko Likoni, aliwafundisha wanafunzi wake homonimu hizi miaka nenda miaka rudi bila ya matatizo, hadi alipoazimia kumleta huyo wa tatu nyumbani.

Kisa kilianzia kwenye picha. Binamu yake afanyaye kazi Dubai alimtumia picha za tangi la kioo lililokuwa sebuleni kwa tajiri wake. Ndani yake walitanda taa weusi tititi wenye madoa meupe ya mviringo, wakiwa wametulia juu ya mchanga. Hao hawakuwa taa wa bahari. Ni wa jamii ya Potamotrygon, wakazi wa mito ya Amerika ya Kusini, na yule mweusi aitwaye Potamotrygon leopoldi asili yake ni mto Xingu nchini Brazili, mmojawapo wa mito imiminayo maji yake katika Amazon. Mwalimu, ijapokuwa ni mwana wa mvuvi, hakuwa amewahi kusikia kwamba yuko taa azaliwaye, aishiye na afiaye katika maji matamu.

Alimwonyesha babake. Mzee aliishika simu, akaisogeza mbali na macho, akauliza swali moja tu: "Mwiba anao?"

"Anao, baba."

"Basi huyu namjua."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwenye kifundo cha mguu wake wa kulia mna kovu la siku alipomkanyaga taa majini, wakati wa maji kupwa. Wenzake walimkimbiza ufuoni wakautumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri alivyoweza kustahimili, nao maumivu yakapungua. Wavuvi hawakuhitaji maabara kugundua tiba hiyo. Ndiyo ile ile ipendekezwayo na madaktari, kwani sumu ya taa huharibiwa na joto. Wala si lazima mtu afike Australia, alikofia Steve Irwin mwaka 2006 baada ya kuchomwa kifuani, ndipo ajue kuwa samaki huyu hana mzaha. Waliosoma chuoni zamani wanaukumbuka pia mkia wake, kwa maana mkia wa taa uliokaushwa ndio uliokuwa kiboko cha mwalimu. Hapo vidahizo viwili vya kamusi hukutana mgongoni mwa mtoto.

Hata hivyo, si mwiba uliozusha maneno nyumbani. Ni maji.

Mwalimu alikuwa ameketi na kalamu akapiga hesabu. Taa hahitaji tangi la kina kirefu, bali tandiko, yaani nafasi ya chini ya kutambaa na kugeuka. Akachora tangi la urefu wa sentimita 240, upana wa 120 na kimo cha 60. Tangi hilo likijaa pomoni huchukua lita 1,728, uzito unaokaribia tani moja na robo tatu hata kabla ya kuhesabu kioo na mchanga. Kwa lugha ielewekayo Likoni, hiyo ni mitungi 86 ya lita ishirini na zaidi kidogo. Isitoshe, taa hula sana na kuchafua sana, na mkojo wake hutoa amonia imuuayo mwenyewe. Kwa hivyo yapasa theluthi moja ya maji, na pengine nusu, ibadilishwe kila juma. Theluthi ni mitungi 29.

Mamake alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Mitungi ishirini na tisa kwa wiki. Na sisi humu ndani twatumia mingapi?"

Mwalimu hakujibu, maana alijua.

Msomaji asiyeijua Mombasa anaweza kushangaa. Bahari si hapo hapo? Ipo, lakini haimfai taa huyu. Taa wa bahari huhifadhi urea kwa wingi katika damu yake ili mwili wake usinyonywe maji na chumvi inayomzunguka. Wa Amazon, ambao wazee wao walitoka baharini mamilioni ya miaka iliyopita, wamepoteza uwezo huo. Mwenye kumrudisha katika maji ya mababu zake anamuua. Visima navyo? Visima vingi vya ukanda huu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chokaa, na mengi yana chumvi, ilhali taa wa mto huzoea maji laini. Yabaki maji ya mfereji. Mombasa haina chemchemi yake ya kutosha. Hunywa kutoka mbali: Mzima huko Tsavo, ambako bomba lilikamilika mwaka 1957, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba na visima vya Tiwi. Likoni ni kama mgeni wa mwisho kwenye sinia. Mfereji ukikauka hupita mikokoteni ya mitungi, na bei hupanda kadiri ukame unavyozidi. Mtungi ukiuzwa hata kwa shilingi 20, taa angekunywa shilingi 580 kila juma. Huko Dubai, alikopigiwa picha, hata maji ya mfereji ni bahari iliyotolewa chumvi kwa mitambo na fedha nyingi. Picha haikuonyesha hayo.

Wahenga walinena kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Hawakusema nani ajaze kifuu.

Ukaidi, au tuseme mapenzi, ulimshinda. Alinunua vioo vinene mjini, vikavushwa kwa feri, na fundi wa Changamwe akaja kuviunganisha. Jirani akachungulia mlangoni: "Yakhe, stima ikipotea, taa yako itawaka?" Mwalimu, kwa mazoea ya darasani, akamsahihisha: "Taa wako." Jirani alicheka hadi akaketi kizingitini. Lakini swali lake lilikuwa na maana kuliko alivyodhani. Umeme ukikatika pampu husimama, hewa hupungua, na samaki mkubwa ndiye huathirika kwanza. Ikabidi itafutwe pampu ya betri.

Kuhusu yule mweusi, aliamua kumwacha. Mwaka 2022 taa saba wa mito ya Amerika ya Kusini, leopoldi akiwa mmoja wao, waliingizwa katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, hivyo biashara yake yahitaji vibali. Akamtamani motoro, wa rangi ya hudhurungi mwenye madoa ya manjano kama macho, ambaye wafugaji humzalisha. Hata huyo haingizwi nchini bila ya idhini, na hilo ni jema. Nchi iliyopandikiziwa sangara katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 yajua gharama ya samaki mgeni.

Basi tangi likajazwa mwanzoni mwa kaskazi, taratibu, mitungi kadhaa kwa siku. Mchanga laini ukatandazwa chini, kwani taa hujifukia na kupumulia matundu yaliyo nyuma ya macho. Mawe makali hayakuwekwa. Kipasha joto hakikuhitajika. Mombasa yenyewe yatosha. Kisha ikawa ni kungoja. Tangi jipya lahitaji wiki nne hadi sita ili bakteria wasitawi katika kichujio na kuigeuza amonia kuwa kitu chenye madhara machache. Kwa muda wote huo familia ilitazama maji matupu yakizunguka. Wageni waliuliza samaki yuko wapi. Mzee alijibu kwamba yuko njiani kutoka Brazili, na foleni ya feri ni ndefu.

Katika wiki ya tano mfereji ukakauka. Siku ya kwanza hakuna aliyesema neno. Siku ya tatu mikokoteni nayo ikaadimika, na wajukuu wakaenda shule bila ya kufuliwa sare. Mwalimu aliporudi jioni alimkuta mamake amesimama kando ya tangi na ndoo mkononi. Hakuwa amechota bado.

"Ni ya kufulia tu na ya chooni," akasema mama. "Si ya kunywa."

"Chota, mama."

Akachora alama kwa penseli kwenye kioo pale maji yalipofikia usiku ule. Keshoye akachora nyingine. Jirani wa stima alikuja na mitungi miwili, macho chini, akapewa. Siku ya tisa mchanga ulionekana mkavu pembeni, na bakteria waliolelewa wiki tano wakafa kichujioni bila ya kumsafishia samaki yeyote.

Masika yalipoingia, mvua ya kwanza kubwa ilipiga mabati usiku. Mama alizitoa ndoo zote uani kwanza, kisha masufuria. Ndoo zilipojaa, mwalimu aliungia mpira kwenye mfereji wa paa akaupitisha dirishani. Maji ya mvua ni laini, hayana chumvi wala klorini. Likoni nzima hamna yamfaayo taa kuliko hayo. Kufikia alfajiri yalikuwa yamepita alama ya penseli ya pili kutoka chini.

Mzee alitoka kuswali akaligonga kioo kwa ukucha.

"Na huyo taa yuwala nini?"

"Kamba, baba. Na samaki wadogo."

"Kamba!" akasema mzee. Akaketi kwenye kiti kilichokabili tangi, akaendelea kuyatazama maji yakipanda.